Chumba Kisichotetemeka

Mtaa mzima ulimwita Mzee Zege, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwashi, mtu wa mawe na saruji, na ungemkuta anapita mbele ya nyumba ya mtu ungemwona anaupiga ukuta kofi dogo, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, kisha anatikisa kichwa na kwenda zake. Akitikisa kichwa ujue ukuta huo hakuujenga yeye.

Katika nyumba zote alizojenga hakuna aliyoipenda kama yake mwenyewe, na ndani ya hiyo yake hakuna chumba alichojivunia kama cha nyuma, chumba cha mkewe.

Mkewe alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa na fundi cherehani tangu usichana. Watu wasiojua hudhani kiziwi hulala fofofo popote utakapomtupa. Wanajidanganya. Kiziwi husikia kwa mifupa. Mwanzoni mwa ndoa yao walipanga chumba kando ya barabara ya malori, na kila lori lilipopita kitanda kilitetemeka, bibi arusi akaruka, huku mume mwenye masikio yake mawili mazima akiendelea kukoroma. Asubuhi macho ya mke yalikuwa mekundu na mume anauliza kulikoni. Alipoelezwa, aliona aibu, akamwapia kwa mikono: nitakujengea chumba kisichotetemeka.

Na kweli akajenga. Msingi aliuchimba mpaka wenzake wakamuuliza kama anatafuta maji. Kuta aliziweka mbili za mawe na kati yake akamwaga zege. Kabla ya kupiga plasta alitandaza wavu wa chuma ukutani, kutoka sakafuni mpaka juu, ili ufa usipate pa kuanzia. Dari zege. Hata kitanda alikijengea jukwaa la zege lililoshikana na sakafu, maana alisema miguu ya mbao ina umbea, kila inachokisikia inakipeleka juu. Siku alipomaliza alimlaza mkewe humo mchana kweupe, akaenda kusimama barabarani kusubiri lori. Likapita lori la kokoto, zito, la kuitikisa mitaa miwili. Akarudi mbio. Mkewe amelala, mdomo wazi.

Huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa wa maisha yake, na hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akatoka bila kusimuliwa.

Sasa ushindi huo ulikuwa umemgeukia. Mkewe alijikwaa kwenye waya wa pasi uliolala sakafuni, akaanguka, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani kwa sharti moja: alale, asisogezwe, asikalishwe kwenye kiti wala kubebwa hata hatua moja mpaka daktari atakapomwona tena. Akalala katika chumba chake kisichotetemeka. Na humo, pamoja na malori, haukuingia mtandao wowote, si wa simu, si wa waifai iliyokuwa sebuleni.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa kero tu. Kwake yeye ilikuwa kilio, kwa sababu ya dada yake. Dada huyo, mkubwa kwake kwa mimba moja, naye ni kiziwi, na anaishi nchi ya mbali alikomfuata mume na kubaki baada ya mume kufa. Presha ya macho ilikuwa inamla taratibu. Ilianzia pembeni ikaja katikati, na sasa alikuwa anaiona dunia kwa kitundu kidogo mbele yake, kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Kesho kutwa angefanyiwa upasuaji wa kuokoa hicho kilichobaki. Daktari wake hakumficha: anaweza kuamka na kitundu chake, anaweza kuamka bila chochote. Kwa kiziwi jicho ndilo sikio. Kwa hiyo dada aliomba jambo moja tu, kwamba kesho jioni aongee na mdogo wake, amwone vizuri, washibe.

Walijaribu leo asubuhi ili kupima. Mzee Zege aliishika simu pale mlangoni pa chumba, ambapo vijiti vya mtandao vilionekana viwili, akaielekeza kitandani. Sura ya shemeji yake ilitokea, ikatabasamu, ikainua mikono. Kisha ikaganda. Mikono ilibaki hewani, vidole vimetawanyika, neno limekatika katikati. Ikatoka sauti fulani ya chombo kuanguka kule mbali, kumbe sauti inapita, lakini sauti kwa hao wawili ina faida gani? Picha ikaruka, ikaonyesha mikono mahali pengine kabisa, ikaganda tena.

Mkewe alipiga godoro kwa ngumi.

"Wamemkata mikono," alisema kwa alama. "Ukuta wako umemkata mikono."

Mzee Zege alitoka, akaenda kusimama ukumbini na kuutazama ukuta wake, na kwa mara ya kwanza tangu aujenge hakuwa na la kuusifia.

Fundi wa mtandao alifika adhuhuri. Mzee Zege alikuwa anamsubiri mwanamume mwenye ngazi, akaja binti mrefu mwenye begi mgongoni na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi, au fundi yuko nyuma?"

"Nyuma yangu kuna jua tu, mzee. Nionyeshe mgonjwa."

"Mgonjwa yupo chumbani, kavunjika nyonga."

"Pole sana. Mimi nilimaanisha nyumba."

Mzee Zege akacheka bila kutaka. Nyumba yake kuitwa mgonjwa! Lakini alimfuata, maana mwenye shida hachagui tabibu.

Yule binti alitoa simu yake, akafungua kitu fulani, akaanza kutembea polepole kutoka chumba hadi chumba, akisimama hapa na pale kama anayesikiliza. Walipomaliza kuizunguka nyumba alimpa mzee simu ile aitazame. Mzee Zege alivaa miwani yake, na hapo alishikwa na bumbuwazi.

Ilikuwa ramani ya nyumba yake. Si ile aliyoichora yeye kwa penseli miaka mingi iliyopita, bali nyingine, ya rangi. Sebuleni kijani kibichi kilichojaa tele. Jikoni kijani kinachofifia, halafu nyuma ya tangi la maji kivuli cha njano, kwa sababu, binti alisema, mawimbi ya mtandao hayapendi maji. Ukumbini njano. Mbele ya kabati la kioo, rangi ya chungwa. Na pale mwisho, kwenye chumba cha nyuma, wekundu mtupu uliokatwa kwa mstari ulionyooka, na mstari wenyewe ulikuwa ukuta wake.

"Hii imechorwa na nani?"

"Na nyumba yenyewe, mzee. Kila nilipokanyaga, imeniambia mawimbi yanafika kwa nguvu gani."

"Yanafikaje? Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa."

"Yanapita ukutani."

"Ukuta huu?"

"Huo. Matofali yanapitisha, yanapunguza tu, kama pazia linavyopunguza mwanga. Hata sasa hivi yanapita. Yanakupita na wewe hapo ulipo."

Mzee Zege alijitazama kifuani. Akautazama mkono wake, ule mkono uliopasuka kwa saruji, akaugeuza. Alikuwa ameishi na kuta tangu ujana, akijua uzito wake, kiu yake ya maji, jinsi inavyofanya jasho siku za mvua, na siku zote alijua kwamba ukuta ni mwisho wa jambo. Kilicho huku ni cha huku, cha kule ni cha kule. Kumbe kulikuwa na vitu vinapishana ndani ya matofali yake kama watu sokoni, na sura ya shemeji yake ilikuwa mojawapo. Aliweka kiganja ukutani. Baridi, kimya, kama kawaida.

"Subhana," alinong'ona. "Na shemeji amepita hapa?"

"Kapita vipandevipande. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu vipande vingine vinakwama kwenye kile chumba. Mzee, ule ukuta umeweka nini ndani?"

Ndipo Mzee Zege alipoanza kusimulia habari ya lori la kokoto. Safari hii aliisimulia kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye wavu wa chuma, binti alishika kiuno.

"Umemjengea kizimba cha chuma."

"Nilimjengea usingizi."

"Najua, mzee. Lakini mawimbi yakiona chuma yanarudi yalikotoka."

Walijaribu hata hivyo. Binti aliitoa ruta, kile kisanduku cha waifai, kwenye kona ya sebule, ilikofichwa nyuma ya televisheni kama kitu cha aibu, akaipandisha juu katikati ya ukumbi. Kijani kikasogea mpaka jikoni. Mzee Zege alisogeza kabati la kioo peke yake, asisaidiwe. Kijani kikasogea tena. Kisha binti akaweka kisanduku cha kupokezana pale mlangoni mwa chumba, kipokee mawimbi ya ukumbini na kuyasukuma ndani. Picha ikaja, ikacheza kidogo, ikaganda.

"Kinapokea makombo, kinagawa makombo," binti alisema. "Kwa maongezi ya mdomo yangetosha. Kwa mikono hayatoshi. Inabidi waya uingie ndani, kisanduku kiwe humohumo chumbani. Kwa leo ningeulaza sakafuni, upite ukumbini, uingie mlangoni."

"Hapana."

"Ni wa siku mbili tu, mzee."

"Binti, waya sakafuni ndio uliomlaza yule pale. Katika nyumba hii hakuna waya utakaolala chini tena, hata kama ni wa kuuvuta mwezi."

Binti alitazama chumbani, akamwona mama yule amewakazia macho, akaelewa, na hakurudia. Akatoa mashine ya kutoboa. Mzee Zege alifumba macho. Ukuta wake! Hakuna msumari uliowahi kuingia pale. Hata picha ya harusi yao ilikaa juu ya kabati. Lakini alichukua penseli mwenyewe, akaweka alama mahali alipodhani jiwe ni laini zaidi, akasema bismillah. Mashine ikalia, vumbi jeupe likatoka, kisha ukaja ukelele wa chuma kwa chuma na kijino cha kutobolea kikakatika. Binti akabadilisha kijino. Nacho kikakatika.

"Huu ukuta umeujenga kwa hasira?"

"Kwa mapenzi," alisema Mzee Zege, na alikuwa karibu kulia. "Ningejua ningepunguza."

Mara taa nyekundu ikaanza kumweka kwenye kona ya dari ya chumba. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Mama aliyelala akainua kidole kuelekea mlango wa mbele. Mzee Zege akaenda, akamkuta jirani anayetaka kujua kama nyumba inabomolewa. Alimtuliza, akarudi. Alimkuta binti amesimama palepale, shingo nyuma, anaitazama ile taa.

"Hiyo nini?"

"Kengele ya mlangoni. Yeye hasikii hodi, kwa hiyo kila chumba kina taa yake. Ukibonyeza pale mbele, zinawaka zote."

"Umeiweka lini?"

"Wakati wa kujenga. Ya betri, haina madhara. Ningemwachaje ndani bila kujua nimerudi?"

"Waya wake umepita wapi, mzee?"

Mzee Zege aligeuka akautazama ukuta. Waya ulipita kwenye bomba. Bomba aliloliinamisha mwenyewe kwa moto, akalilaza ndani ya zege, chini ya wavu, kutoka sebuleni hadi kwenye ile kona. Njia ilikuwapo muda wote. Binti aliona uso wake ukibadilika, akaanza kucheka, na mzee naye akacheka, wakashikana mikono kama watu waliokutana uwanjani timu yao imefunga.

Kicheko hakikudumu. Bomba lilikuwa jembamba na lina makona. Njia pekee ilikuwa kuufunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, kisha kuvuta wa zamani kutoka chumbani ili uje na mwenzake. Fundo likikatika katikati, mtandao hautaingia na taa haitawaka tena. Mke angebaki chumbani bila dada na bila mlango.

"Mwenye taa ni yeye," alisema Mzee Zege. Akaenda kuketi ukingoni mwa jukwaa la kitanda, akamweleza mkewe kwa mikono, polepole, bila kuficha hata sehemu mbaya. Mkewe alimfuata kwa macho mpaka mwisho.

"Mgeni akija atasubiri mlangoni," alijibu. "Dada hawezi kusubiri. Vuta."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Waliukata waya wa zamani kule sebuleni, wakaunganisha ncha na ncha, wakaviringisha utepe mpaka fundo likawa jembamba na laini, wakalipaka sabuni ya maji. Binti akaenda chumbani kuvuta. Mzee akabaki sebuleni kulisha waya, huku akiita.

"Vuta! Polepole. Hapo kuna kona ya kwanza. Polepole... umepita!"

"Umepita!" alijibu binti kutoka ndani.

Kisha waya ukasimama. Binti akavuta, ukakataa. Mzee Zege aliuacha, akaenda ukumbini, akabandika viganja vyote viwili kwenye ukuta na kuvipeleka polepole juu, kama anayetafuta mtoto anapocheza tumboni mwa mama. Plasta haikumwonyesha kitu. Lakini mikono ilikumbuka. Hapa nililipasha moto mara mbili, halikutaka kupinda, nikalilazimisha, likabonyea kidogo. Jambo dogo la siku moja ya ujana, hakuwahi kulifikiria tena, na sasa lilikuwa limesimama kati ya ndugu wawili.

"Usivute!" alipiga kelele. "Rudisha nyuma kidogo. Kidogo! Sasa uzungushe waya, kama unafungua kifuniko. Zungusha, usivute."

Akarudi sebuleni, akamimina sabuni kwenye mdomo wa bomba, akaushika waya kwa vidole viwili na kuusukuma kwa upole ambao mikono yake haikujulikana kuwa nao. Ukasita. Ukatetemeka. Halafu ukateleza, futi baada ya futi, akahisi unamtoka vidoleni na kuingia gizani mwa ukuta wake, na kule chumbani mkewe, ambaye hakusikia kelele hata moja, akaanza kupiga makofi, kwa sababu kichwa cha waya mpya kilikuwa kimechungulia kwenye kona ya dari.

Binti alifunga kisanduku kipya chumbani, kikawasha taa ya kijani. Kuhusu kengele alikuna kichwa, akahesabu nyuzi ndani ya waya wake.

"Ziko nane. Mtandao utatumia nne, nne zimekaa bure. Si kazi ya vitabuni hii, lakini taa yako itapita kwenye hizo za bure."

Wakajaribu. Mzee akabonyeza kule mbele, na taa nyekundu ikamweka chumbani kama zamani, huku kisanduku kikiendelea na kazi yake bila kushtuka. Waya mmoja mwembamba kuliko kidole cha mtoto umebeba hodi ya mlangoni na sura ya mtu aliye nchi nyingine! Mzee Zege aliketi kwenye kochi akapangusa jasho. Binti alipomletea ramani mara ya mwisho, chumba cha nyuma kilikuwa kijani kuliko sebule.

"Mbona kimezidi?"

"Ukuta wako, mzee. Ulikuwa hauingizi, na sasa hautoi. Mawimbi yote yamebaki humo na mama."

Mzee Zege aliirudisha simu ile kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Kesho yake jioni Mzee Zege alimpangia mkewe mito, akawasha taa mbili upande wa uso wake, akaishika simu kwenye upande wa miguuni. Shemeji akatokea. Akainua mikono, na mikono ikaendelea. Haikukatika. Ikapanda, ikashuka, ikakunjuka na kukunjika, laini kama maji ya bomba.

Jambo la kwanza alilosema dada ni kwamba dirisha la macho yake ni dogo, asirushe mikono. Mkewe, ambaye maisha yake yote aliongea kwa mikono mipana ya kupangusa hewa, aliikusanya chini ya kidevu, na hapo akaanza.

Mzee Zege alidhani angefuatilia. Lugha ya alama si aliijua? Alijifunza kwa ajili ya posa, akaitumia ndoa nzima, watu wakamsifu. Lakini hiki kilichokuwa kinapita mbele yake hakuwahi kukiona. Vidole vilikwenda kasi ya sindano ya cherehani, nyusi zinapanda na kushuka, mashavu yanajaa na kunywea, mmoja hajamaliza mwingine ameshacheka. Yalikuwa maneno ya wasichana wawili waliolala kitanda kimoja katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuongea nao. Alishika neno hapa, neno pale: mama, mbuzi, kiatu, yule mjinga, unakumbuka? Wakacheka mpaka dada akashika mbavu. Wakalia. Wakacheka tena machozi hayajakauka.

Siku zote aliwaambia watu kwamba mke wake ni mtu wa maneno machache. Alisema kwa kujisifu hata, wenzake wakamwonea wivu. Kumbe hakuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa anamsubiri mumewe. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akitembea polepole kando yake, kama unavyotembea na mtu mwenye kiatu kinachombana, na hakuwahi hata siku moja kumwambia. Mzee Zege aliona uchungu, lakini uchungu ulikuwa mdogo kuliko ajabu. Huyu mwanamke mwenye mambo mengi hivi alikuwa ndani ya nyumba yake wakati wote.

Mwishoni dada alisema: "Lete uso." Mzee akaisogeza simu. Dada naye akasogea mpaka jicho likajaa kioo, akaanza kumtazama mdogo wake kwa mafungu, kwa maana kitundu chake hakikuweza kumbeba wote kwa mara moja. Paji la uso. Nyusi. Jicho hili, kisha lile. Pua, akatabasamu. Kovu la kidevuni, hapo alikaa sana. Picha haikuganda hata mara moja, na mkono wa Mzee Zege ulioshika simu ulikufa ganzi na hakuusogeza.

Waliagana. Kioo kikawa cheusi. Mkewe aliinua macho darini.

"Akiamka gizani," alisema kwa alama, "nitamwambiaje?"

Mkewe akawaza, halafu akafumba macho na kuinyoosha mikono mbele yake, viganja juu. Mzee Zege alielewa anachotakiwa kufanya. Angeweka mikono yake ndani ya ile, aongee humo, na mkewe ajaribu kumsoma kwa kugusa, kama dada atakavyolazimika kumsoma yeye siku wakikutana. Mtandao usingefika huko, wala waya.

Alianza vibaya. Mikono yake ilikuwa mizito, mkewe akatikisa kichwa: sijapata. Akarudia neno lilelile. Sijapata. Akavuta pumzi, akafanya polepole, akiupitisha mkono wa mkewe juu ya umbo la kila neno, alama moja kisha nyingine: Usinisubiri. Ongea na mimi kama unavyoongea naye.

Uso wa mkewe, macho bado yamefumbwa, ulitulia. Alikuwa amepata. Akakaa kidogo, midomo inamcheza, kisha vidole vyake vikaanza kukimbia ndani ya viganja vya mumewe, kasi ileile, habari ndefu yenye nyusi na mashavu na kicheko katikati. Mzee Zege hakuelewa hata robo yake, lakini mikono hakuiachia.